Tovuti ni kama trekta, uliza kwanza vipuri

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe la mkono sina ubishi nao. Lakini kwenye trekta, asiyechagua ndiye atakayelia, kwani siku chuma kinapokatika katikati ya msimu ndipo utakapojua kama ulinunua trekta au ulinunua banda la kuku.

Nasema haya kwa sababu vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo hapa Singe, na kwingineko mjini Babati, vinatafuta tovuti za kutangazia mazao yao. Vijana wanaozitengeneza huja na majina mengi ya lugha za kompyuta: PHP, Python, Java, JavaScript. Mkulima anatikisa kichwa, anatoa malipo ya awali, na hajui amenunua nini.

Sisi yalitukuta. Mwaka 2014 kikundi chetu, kinachokusanya mbaazi na alizeti, kilichanga fedha na kumpa kijana mmoja kazi ya kutengeneza tovuti. Ilipendeza, na wanunuzi wakaanza kupiga simu. Mwaka 2019, mbaazi zikiwa zinaanza kuvunwa, tukaifungua asubuhi moja tukakuta ukurasa mweupe. Kijana alishahama na simu yake haipatikani. Mnunuzi wetu wa Arusha alidhani kikundi kimevunjika, akachukua mzigo kwa watu wengine.

Fundi wa pili alitueleza kilichotokea. Tovuti iliandikwa kwa PHP ya zamani. Toleo la PHP 7, lililotoka Desemba 2015, liliondoa amri za zamani za kuzungumza na hifadhidata ya MySQL. Wenye seva walipohamia toleo jipya, tovuti yetu ikawa bubu. Alirekebisha kwa siku mbili, kwa sababu PHP aliijua. Hata hivyo, tukagundua jambo baya zaidi: jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya yule kijana wa kwanza. Ada ya mwaka ilipofika hakuna aliyepata taarifa, na jina likapotea. Magunia yalikuwa yameshachapwa jina hilo.

Katika mkasa huo mmoja kuna mafunzo mawili. Lugha tuliyotumia ndiyo iliyotuokoa, na umiliki tuliouachia ndio uliotuangamiza.

Tuanze na lugha. PHP ilitolewa hadharani na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na hadi leo inaendesha zaidi ya nusu ya tovuti zote ambazo lugha yake ya seva inafahamika. WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003 na inayotumika kwenye zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, imeandikwa kwa PHP. Ushahidi, mfumo ulioanzishwa na majirani zetu Wakenya kwa siku chache mwezi Januari 2008 ili kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, nao umejengwa kwa PHP. Mfumo huo ukatumika hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010.

Sisemi lugha nyingine ni mbaya. Java inabeba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Wizara ya Afya nchini. Python ni hodari kwa hesabu na uchambuzi wa takwimu. Node, iliyotoka mwaka 2009, ilileta JavaScript upande wa seva na inafaa pale watu wengi wanapotumiana ujumbe kwa wakati mmoja. Lakini kikundi kinachotaka kuonyesha aina ya mazao, bei ya leo na namba ya simu hakihitaji lori la tani 30 kubebea debe la maharage.

Kwa mtazamo wangu, swali la kumuuliza fundi si lugha ipi ni ya kisasa. Muulize: ukihama kesho, nani mwingine hapa Babati au Arusha anaweza kuifungua na kuitengeneza? Akikosa kukutajia watu wawili, tafuta fundi mwingine. Ndivyo tunavyonunua pikipiki, tunaangalia kwanza kama spea zinapatikana mjini. Aidha, mkubaliane mapema nani ataihamishia tovuti kwenye matoleo mapya na kwa malipo gani, kwa sababu programu huzeeka kama pampu ya maji.

Sasa seva, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikiwapokea wageni wa tovuti yako. Wapo wanaoshauriwa wanunue kompyuta na kuiweka dukani. Msikubali. Umeme ukikatika, tovuti imelala. Joto, vumbi na wezi navyo vinaisubiri. Kukodi nafasi kwenye seva ya pamoja, ambako tovuti nyingi hugawana mashine moja na gharama zake, kunakitosha kikundi kidogo. Seva hizo nyingi hutumia Linux, ambayo ni bure, na huja na PHP na MySQL tayari. Seva pepe ya peke yako ni ya baadaye, biashara ikikua na mkiwa na mtu wa kuitunza.

Kukodi ndani ya nchi au nje? Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti na ilikuwa ya kusuasua. Siku hizi kampuni za hapa nchini zinakodisha nafasi kwa shilingi na kupokea malipo kwa simu. Kwa mkulima hilo ni nafuu kubwa, maana ada inayodai kadi ya benki na dola ndiyo inayosahaulika.

Pia kumbukeni bando la mteja. Picha ya gunia iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti tatu au nne. Mwambieni fundi aipunguze iwe chini ya kilobaiti 100, la sivyo mnunuzi aliye porini ataondoka kabla haijafunguka. Na kama mnahifadhi majina na simu za wateja, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Msichukue taarifa msizozihitaji.

Ndugu zangu, kabla ya kutoa hata shilingi moja, andikeni mkataba wenye mambo manne. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi. Maneno ya siri ya seva yakabidhiwe kwa mwenyekiti na katibu. Nakala ya tovuti nzima itolewe kila mwezi na iwekwe mahali pengine mbali na seva. Na malipo ya mwisho yatolewe baada ya fundi wa pili kuifungua na kusema ameielewa.

Sisi tumeanza upya kwa jina jipya, na safari hii hati zote ziko kwenye sanduku la kikundi, pamoja na kadi ya trekta.

Mwandishi ni mkulima na mfanyabiashara wa mazao, Singe, Babati.