Katavi si pori tupu

Parokia zetu za Kasulu na Kibondo zikipanga safari, huwa ni hija, jubilei ya padre, au kwenda kuogelea Ziwa Tanganyika. Ukitaja hifadhi ya taifa, utaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu, na kama ni lazima, basi Serengeti. Mimi nasema twende Katavi. Kutoka Kasulu unashuka Uvinza, unafika Mpanda, na kilomita kama 35 mbele uko Sitalike, mlangoni pa hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1974. Ina kilomita za mraba 4,471, na wageni ni wachache mno.

Sisi wa milimani macho yetu yamezoea kugota kwenye migomba na kilima cha jirani. Uwanda wa Katisunga hauna pa kugota. Mwezi wa Agosti ni nyasi kavu mpaka upeo wa macho, na kundi la nyati utalidhani kivuli cha wingu. Masika uwanda huohuo hugeuka maji.

Najua mtu wa kwetu atasema nini: ardhi yote hii inakaa bure! Haikai bure. Nyasi zile hupokea mafuriko ya Mto Katuma na kulisha maelfu ya wanyama kiangazi kizima. Siku hizi mto wenyewe hukauka mapema, kwa kuwa maji huchepushwa huko juu kumwagilia mpunga. Viboko kwa mamia hubanana kwenye tope, wakiumana. Mkulima wa mpunga naye ana watoto, simhukumu. Ila anayekula wali huo aone tope hilo walau mara moja.

Katika Ayubu sura ya 40, Mungu anamwambia Ayubu amtazame mnyama mkubwa alaye majani kama ng'ombe. Wengi humtambua kuwa kiboko. Mafrateri huisoma sura hiyo darasani. Ningependa waisome pale Ikuu, harufu ikiwafikia. Hata *Laudato si'* ya mwaka 2015 tumeijadili mno ukumbini.

Fedha? Mtanzania hulipa kiingilio kidogo, kwa shilingi. Gharama kubwa ni kosta, na kwaya inayochangia sare mpya kila Pasaka haishindwi na kosta. Tuondoke tu kabla ya mvua za Novemba, maana udongo ule mweusi ukilowa gari halitoki.