Rangi ya nyama ya kuku si kipimo cha usalama wake

MNUNUZI wa kuku wa kienyeji hutazama kwanza rangi ya ngozi na mafuta. Yakiwa ya manjano, huridhika kwamba kuku alilishwa vyema. Imani hiyo ina ukweli kidogo tu, na katika sehemu kame kama Matiliku, Kaunti ya Makueni, yaweza kumpotosha mfugaji.

Umanjano huo hutokana na mahindi ya manjano na majani mabichi. Mahindi meupe tunayosagia unga hayawezi kuuleta, wala mtama. (Ajabu ni kwamba mahindi yale yale tuliyoyakunjia nyuso katika njaa ya 1984 tunayasifu yakitujia kwa njia ya kuku.) Mtama huyapa mafuta ya kuku weupe na ugumu zaidi, lakini nyama haipungui ubora. Ama ule ugumu wa nyama ya kienyeji, huo hasa ni wa umri wa kuku na mizunguko yake ya kutwa.

Kwa hivyo, mfugaji wa Matiliku hana sababu ya kuuonea haya mtama, ambao hustahimili ukame kuliko mahindi. Ajihadhari tu na mtama wa rangi ya kahawia wenye ukakasi, kwani ukakasi huo, uitwao tanini, humzuia kuku kufaidi protini. Mbegu ya Gadam, inayopandwa Ukambani na kununuliwa na watengenezaji bia, haina tatizo hilo.

Lililo zito zaidi ni kuvu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui za wakati huo, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tangu hapo inafahamika kwamba mahindi yaliyoota kuvu hayaliwi. Lisiloulizwa ni yanakokwenda. Mara nyingi hutupiwa kuku.

Sumu hiyo, aflatoksini, ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kuku ni mvumilivu kuliko batamzinga, na hapo ndipo penye hatari. Hafi haraka; hudumaa, hupunguza kutaga, na masalio ya sumu hubaki mwilini, hasa katika ini. Moto wa jikoni hauyamalizi.

Hata hivyo, kumwambia mama aliyevuna magunia mawili baada ya misimu miwili ya ukame atupe moja si jambo jepesi, na sioni nani atamlipa. Machi 2021 serikali ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii. Debe la kuku nyuma ya jiko halina mkaguzi.