MSHALE MMOJA, WATU WATATU: JE, MUISLAMU AFANYE UTAFITI WA ZANA ZA KIJESHI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. 

Vijana wetu waliosomea uhandisi na kompyuta, hasa walioko Marekani, wamekuwa wakiniuliza: "Sheikh, nimepata kazi kwenye kampuni ndogo ya utafiti. Fedha zake zinatoka jeshini. Mshahara huu ni halali?" Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Tulielewe jambo lenyewe kwanza, maana hukumu ya kitu hutokana na kukielewa.

Mwaka 1982 Rais Reagan alitia saini sheria iliyoanzisha mpango wa serikali wa kufadhili utafiti wa kampuni ndogo, zile zisizozidi wafanyakazi 500. Kufikia mwaka 2025 kila idara ya serikali iliyotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti unaofanywa nje ya idara ilikuwa inalazimika kuzitengea kampuni hizo angalau asilimia 3.2 ya fedha hizo. Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko zote. Kazi huenda kwa awamu tatu. Ya kwanza ni kuonesha kwamba wazo linawezekana. Ya pili, ambayo kwa kawaida huchukua kama miaka miwili, ni kutengeneza kifaa cha majaribio. Ya tatu ni kukiuza, na hapo jeshi linaweza kununua moja kwa moja bila zabuni mpya.

Usidhani yote yanayotoka huko ni mabomu. Qualcomm, ambayo vipande vyake vimo ndani ya simu nyingi mnazosomea maneno haya, ilipata fedha za mpango huu ilipokuwa changa. Jeshi huhitaji pia betri nyepesi, dawa ya kuzuia damu, mguu wa bandia, kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini. Basi anayesema "fedha ya jeshi ni haramu tupu" amefanya haraka. Na anayesema "mimi naandika programu tu, hayanihusu" naye amefanya haraka zaidi.

Nije kwenye asili ya jambo. Silaha si haramu kwa dhati yake. Allah katika Suratul Anfal, aya ya 60, ameamrisha kuandaa nguvu. Katika Suratul Hadid ametaja kuteremsha chuma, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Nabii Daud (a.s.) alifundishwa kutengeneza nguo za chuma za kukinga mwili vitani. Utafiti wa ulinzi umo ndani ya dini yetu.

Lakini sikilizeni hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.), iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Tunapenda kuisoma kwa upande wa thawabu. Haya, tuisome na kwa upande wa pili: ikiwa thawabu inamfuata fundi mpaka karakana kwake, dhambi itapotea njia? Suratul Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Fundi hayuko nje ya mlango. Ni mmoja wa wale watatu.

Tazameni safari ya mshale wa zama zetu. Miaka ya 1980 mhandisi Abraham Karem, mzaliwa wa Baghdad aliyehamia Marekani, alitengeneza ndege isiyo na rubani kwenye gereji ya nyumbani kwake California. Taasisi ya utafiti ya jeshi, DARPA, ikampa fedha. Huo si mfuko niliouelezea juu, lakini mwendo ni ule ule: wazo dogo, fedha ya jeshi, kifaa kikubwa. Kampuni yake ikaishiwa, na kazi yake ikaangukia mikononi mwa General Atomics. Ikazaliwa Predator, iliyoruka Bosnia mwaka 1995 kwa upelelezi tu. Mwaka 2001 ikafungwa makombora. Baada yake ikaja Reaper. Na tarehe 29 Agosti 2021, kombora la droni ya Marekani liliua watu 10 mjini Kabul, 7 kati yao watoto. Mwanzo jeshi lilisema limempiga gaidi. Wiki chache baadaye likakiri kwamba lilikosea.

Simsemi Karem kwamba aliwakusudia watoto wale. Hiyo ndiyo hatari yenyewe! Hakuwakusudia, na wala hakuwa tena na neno. Kampuni ndogo inaweza kubaki na haki za ugunduzi wake kwenye karatasi, lakini anayechagua shabaha ni mwingine.

Wapo watakaosema: "Sheikh, hiyo ni Marekani. Je, kampuni ikiwa ya Waislamu?" Kweli, Baykar ya Uturuki ilianza mwaka 1984 ikitengeneza vipuri vya magari, na leo droni zake zinauzwa mpaka Afrika, na wengi wetu tunajivunia. Lakini kipimo cha sharia hakibadiliki kwa jina la mwenye kiwanda. Mtume (s.a.w.) amekataza kuua wanawake na watoto, na hakuwatoa katika katazo hilo wanaouawa na Waislamu. Desemba 2023 huko Tudun Biri, Kaduna, droni ya jeshi la Nigeria iliwapiga Waislamu waliokusanyika kwa Maulid. Zaidi ya watu 80 wakafa, jeshi likasema ni makosa. Silaha haina kabila wala dini.

Wanazuoni waliliona hili zamani. Bukhari ameweka mlango kuhusu kuuza silaha wakati wa fitna, akataja kwamba Imran bin Husayn (r.a.) aliichukia biashara hiyo. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji anajua, au anadhani sana, itakwenda kumwaga damu gani.

Basi kijana wangu, kabla hujatia saini, jiulize mambo matatu:

1. Kifaa hiki kinafanya nini hasa? Kukinga, kutibu na kutegua mabomu ni tofauti na kuongoza kombora au kumchagulia askari nani apigwe.
2. Nani atakishika, na mwenendo wake unajulikana vipi? Usijifanye hujui kinachojulikana na dunia nzima.
3. Awamu ya tatu ikifika, una neno lolote? Kama huna, pima kana kwamba kitatumika kwa namna mbaya ulizozishuhudia.

Rai yangu ni hii: kazi ya kinga na tiba, fanya kwa nia njema. Kazi ya kumsaidia muuaji kuona vizuri zaidi, naye umeshamjua kuwa hajali damu za wasio na hatia, iache. Uliyekwisha kuingia, usikate tamaa: tafuta njia ya kutoka, omba tauba. Najua kuna kodi ya nyumba, kuna viza, kuna mama anayesubiri fedha kila mwezi. Allah naye anajua, na amemuahidi mwenye kumcha njia ya kutokea, na riziki asikotarajia.

Na nyinyi masheikh wenzangu, msiwafukuze vijana hawa kwa neno "haramu" kabla ya kusikiliza kazi yao ni ipi.

Ewe Allah, ijaalie elimu ya vijana wetu iwe hoja kwao, isiwe hoja juu yao. Warehemu waliouawa bila hatia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.