Ubaguzi kazini: Sheria inamlinda mfanyakazi, lakini ushahidi ataupata wapi?

Kwa haraka haraka, mfanyakazi wa Kenya aliyebaguliwa kazini anaonekana kuwa na kesi rahisi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, maoni ya kisiasa na hali ya HIV. Kinawalinda walioajiriwa na hata anayetafuta kazi. Tena kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Mahakamani, mambo si mteremko hivyo.

Mfano ni kesi ya madaktari sita waliokuwa watafiti Kilifi, Samson Gwer na wenzake, dhidi ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Walidai kwamba walitendewa tofauti na wenzao wazungu, ikiwemo katika nafasi za kupanda ngazi. Mwaka 2014 mahakama ya ajira iliwapa ushindi, kila mmoja Sh5 milioni. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo. Januari 2020 Mahakama ya Juu nayo ikakataa ombi lao, ikisema hawakuwa wametoa ushahidi wa kutosha kuunga mkono madai yao.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mzigo humwangukia mwajiri, sawa, lakini ni baada ya mlalamishi kuweka mezani kitu cha kujibiwa. Kusema "bosi ananichukia kwa sababu ya kabila langu" hakutoshi, hata kama ni kweli tupu. Jaji atauliza: nani mwingine anafanya kazi kama yako, ana ujuzi kama wako, na yeye analipwa ngapi?

Swali hilo ni gumu katika nchi ambayo mshahara wa mtu ni siri kuliko ugonjwa wake. Payslip ya mwenzako huioni, na mwenzako mwenyewe, akiitwa kutoa ushahidi, atafikiria kwanza karo ya watoto wake. Ndiyo maana kesi nyingi hushinda au kuanguka kwa vitu vidogo vilivyohifadhiwa mapema: tangazo la kazi, barua ya ajira, tathmini ya kila mwaka iliyojaa sifa kisha kufuatiwa na kufukuzwa wiki chache baada ya kutangaza ujauzito, ujumbe wa WhatsApp wa meneja. Malalamiko yaliyopelekwa HR kwa mdomo ni kama hayakupelekwa. Yaliyoandikwa kwa barua pepe yana tarehe.

Ushahidi ukiwepo, mahakama haibani mkono. Mwaka 2013 mwanamke aliyenyimwa ajira ya kudumu kwa sababu ya hali yake ya HIV alipewa fidia ya karibu Sh7 milioni.

Linganisha kiasi hicho na adhabu ya jinai. Ubaguzi ni kosa la jinai, ndiyo, lakini adhabu ya jumla katika Sheria ya Ajira ni faini isiyozidi Sh50,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kwa kampuni kubwa hiyo faini ni pesa ya chai. Kinachouma ni fidia. Aliyefutwa kazi isivyo haki anaweza kupata hadi mshahara wa miezi 12, na fidia ya ubaguzi huhesabiwa kando, bila kikomo kilichoandikwa katika sheria hiyo.

Pa kulalamikia pako zaidi ya pamoja. Afisa wa leba katika kaunti hupokea malalamiko na kujaribu kupatanisha pande mbili. Ni njia ya karibu kwa asiye na wakili, ila afisa huyo si jaji. Ubaguzi wa kikabila unaweza kufikishwa kwa Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC. Sheria iliyoiunda, ya 2008, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Masuala ya jinsia na ulemavu yana Tume ya Jinsia na Usawa.

Kisha kuna mahakama yenyewe. Tangu 2018, mwenye mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu mkazi mwandamizi au wa ngazi ya juu zaidi, badala ya kumsubiri jaji. Mfanyakazi anaweza kujitetea mwenyewe au kuwakilishwa na afisa wa chama chake. Na mwajiri akimfuta kwa sababu tu amelalamika, hilo nalo ni kosa. Kifungu cha 46 kinasema kulalamika si sababu halali ya kufutwa, isipokuwa malalamiko yawe ya kipuuzi na hayana msingi.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, huwa ni kalenda. Malalamiko ya kufutwa kazi yanayopelekwa kwa afisa wa leba yana miezi mitatu. Kesi ya mahakamani ina miaka mitatu, na ubaguzi ulioendelea kwa muda una miezi 12 tangu ulipokoma. Muda huo ukipita, majaji wamesema mara kwa mara kwamba hawana uwezo wa kuuongeza. Wala mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu. Kampuni inaweza kumwita mtu vikao, ikamwahidi kwamba "bodi inaliangalia", ikamwomba avute subira hadi mwaka mpya wa fedha, na siku hizo zote zinahesabiwa.