Bei ya Ufunguo wa Gari: Tunalipia Nini?



Juma hili tutafakari jambo linaloonekana dogo mpaka siku linapomfika mtu: gharama ya ufunguo wa gari uliopotea. Wengi wetu tulizoea kwamba ufunguo ni kipande cha chuma, ambacho fundi wa mtaani hukichonga kwa dakika chache na kwa fedha kidogo. Kwa nini basi leo mtu atajiwe bei inayoweza kumaliza mshahara wake wa mwezi?

Yafaa kwanza tuelewe. Ndani ya kichwa cha ufunguo wa magari mengi ya sasa mna chipu ndogo isiyohitaji betri. Ufunguo unapotiwa kwenye swichi, koili iliyoizunguka swichi huiamsha chipu, nayo hujitambulisha kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari isipoitambua, injini haiwaki, hata kama chuma kimechongwa barabara. Kuiandikisha chipu mpya katika kompyuta hiyo ndiko mafundi wanakoita kuprogramu.

Ulinzi huu si hila ya wafanyabiashara. Umoja wa Ulaya uliufanya kuwa wa lazima kwa magari mapya ya abiria tangu 1998. Nchini Marekani, ambako haukuwa wa lazima, magari mengi ya Hyundai na Kia yaliyotengenezwa bila kinga hiyo yaliandamwa na wezi, hasa kuanzia mwaka 2022, baada ya video za namna ya kuyaiba kuenea mitandaoni.

Hata hivyo, ulinzi ni jambo moja, na bei ni jambo jingine. Chipu yenyewe si ghali. Tunacholipia hasa ni mashine, ujuzi na ruhusa ya kuingia katika kompyuta ya gari. Fundi aliyegharimia hayo anastahili malipo ya haki. Lakini maarifa yakifungiwa mikononi mwa wachache, mwenye gari hubaki bila uchaguzi, akalipa chochote atakachoambiwa. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2007, uliwataka watengenezaji kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo. Nalo jimbo la Massachusetts, Marekani, likapitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Sioni kwa nini nasi tusidai vivyo hivyo.

Wakati tukidai, tusikae bure. Mosi, magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na si machache hufika na ufunguo mmoja tu. Tengeneza wa pili sasa, ungali na wa kwanza. Kuongeza ufunguo ni kazi nyepesi. Ukiisha kupoteza zote, fundi hulazimika kulifuata gari lilipo, na pengine kuifungua kompyuta yenyewe. Pili, mwombe fundi akutenganishie bei ya ufunguo, ya kuchonga na ya kuprogramu. Tatu, aufute katika kompyuta ule uliopotea, usije ukawa mlango wa mwizi.

Nanyi mafundi wetu, mteja aliyekwama barabarani usiku hana nguvu ya kubishana nanyi. Bei na ipimwe kwa kazi mliyoifanya, wala si kwa dhiki aliyo nayo. Anayemtoza mtu kwa sababu tu amekwama, huyo hauzi tena ufundi. Anauza shida ya jirani yake.