Jiji la wakimbiaji, roho iko London

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kufika Eldoret, bila shaka umekuja na picha yako kichwani. Umesikia ni Jiji la Mabingwa. Unatarajia stori zote ziwe za marathoni na nani ameingia kambi Iten. Kisha Jumamosi jioni inafika, unatafuta boda na steji iko karibu tupu. Nusu ya vijana wako ndani ya kibanda cha mabati, wamebanana kwenye mabenchi, wakimfokea refa aliye London.

Utaulizwa mapema: "Wewe ni timu gani?" Ukijibu huna, unaangaliwa kama mtu aliyesema hana ukoo. Ukisema Manchester United, utahurumiwa kidogo, maana haijashinda ligi tangu 2013. Ndiyo, hata na wanaboda ambao hawajawahi kuona Manchester ila kwa skrini.

Usidhani watu hapa wamesahau mbio. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kule Vienna kwa saa 1:59:40, umati ulifurika katikati ya mji kumtazama kwenye skrini kubwa. Lakini siku kama ile ni nadra. Bingwa wa marathoni hukimbia labda mara mbili kwa mwaka. EPL ina raundi 38, Agosti hadi Mei, na kila moja inaacha ubishi wa kutosha wiki nzima. Tena mbio hapa ni kazi. Ni mtu kuamka alfajiri kukiwa na baridi, akijua karo ya wadogo zake inategemea miguu yake. Jirani akirudi na medali unampongeza, mnakunywa chai, basi. Kazi ya mtu huwezi kuibishania hadi usiku wa manane. Soka unaweza.

Swali gumu ni hili: mbona timu za Uingereza, si zetu? Jibu rahisi ni televisheni. Wazee walianza na kipindi cha soka ya Ujerumani kwenye televisheni ya taifa, kisha setilaiti ikaleta Uingereza, na picha ilikuwa safi kuliko chochote tulichokuwa nacho. Ni kweli, lakini haitoshi. Victor Wanyama alipojiunga na Southampton 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza EPL, hukuona Eldoret ikivaa jezi za Southampton. Kwa hivyo si Mkenya tunayemfuata huko.

Nadhani kuna jambo lingine ambalo mgeni halioni upesi. Klabu zetu kubwa zilizaliwa na jamii zake. AFC Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya United. Gor Mahia ilikuja 1968 na kila mtu anajua ni ya akina nani. Kijana wa Kikalenjin wa Kapsoya au wa Kikuyu wa Munyaka anaingia wapi hapo? Na huu ni mji ambao majina ya ukoo yamewahi kuua. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia usalama ndani. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa wadogo, au hamkuwa mmezaliwa, lakini nyumbani mnajua ni maswali gani hayaulizwi.

Sasa ingia kwenye kile kibanda. Mluhya, Mkalenjin, Mkikuyu na kijana wa Sudan Kusini aliyekuja kusoma wanatukanana vibaya sana kuhusu Arsenal, na hakuna anayeogopa kurudi nyumbani. Arsenal haina kijiji hapa. Ndiyo maana nakataa wanaosema huu ni utumwa wa akili tu. Mtu anayepata mahali pa kupiga kelele na jirani yake bila kuuliza jina la baba yake amepata kitu.

Lakini kibanda hicho kimeingiliwa. Simu ziko mkononi na mkeka uko ndani ya simu. Kijana wa Langas aliyekuja kutazama Chelsea sasa anasubiri kona katika mechi ya Norway, timu ambazo hata hawezi kutamka majina yake. Raha ya kushinda imekuwa hesabu ya nauli ya kesho.

Pesa hizo huenda wapi? Chukua SportPesa, kampuni iliyokuzwa na simu za Wakenya. Mwaka 2017 jina lake lilikuwa kifuani mwa jezi za Everton. Januari 2018 ikasitisha ufadhili wa michezo nchini ikilalamikia ushuru wa asilimia 35, huku Everton wakiendelea kuvaa jina lile lile. Ilirejea baadaye, kisha 2019 mzozo wa leseni ukaja na Gor na Leopards zikabaki tena bila mdhamini. Serikali nayo ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwaka 2025. Siku hizo zikaisha.

Agosti mwaka huo huo kuna kitu kilitokea. Harambee Stars, wakicheza CHAN kwa mara ya kwanza, waliwapiga Morocco 1-0 Kasarani, wakafika robo fainali na kutolewa na Madagascar kwa penalti. Majuma matatu watu walibishana kuhusu Wakenya, na hakuna aliyeuliza mfungaji anatoka kaunti gani. Kumbe inawezekana, mradi timu iwe ya wote na ionekane.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Hapa Eldoret, uwanja wa Kipchoge Keino umekuwa wa ahadi juu ya ahadi na ujenzi wa kusuasua kwa miaka. Ukitaka kubishana na mtu wiki hii, acha kidogo mambo ya VAR, umuulize mwakilishi wa wadi yako vijana wa mtaa wenu watachezea wapi msimu ujao.