Karatasini Maneno Yote Husikika Sawasawa: Mtafiti wa Nyimbo za Mlima Kenya na Sikio Lake

Tasnifu nyingi kuhusu nyimbo zinazoandikwa katika idara za Kiswahili hufuata njia moja. Mtafiti hutafuta rekodi, huisikiliza mara mbili tatu, huyanukuu maneno, huyatafsiri kwa Kiswahili, kisha huiweka rekodi kando. Kuanzia hapo kinachochambuliwa ni matini tupu: sitiari, takriri, maudhui na dhamira. Gitaa halitajwi tena. Sauti ya mwimbaji huchukuliwa kama gunia lililokwisha kumwagwa mahindi. Haina kazi nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba utaratibu huu una kasoro ya msingi, na kwamba wanaoathirika zaidi ni wasanii wa gitaa wa Nyeri, Murang'a, Karatina, Kerugoya na miji mingine ya Mlima Kenya, ambao nyimbo zao zimekuwa zikichunguzwa kwa Kiswahili na wanafunzi wengi waliozaliwa huko huko. Ili kasoro yenyewe ionekane vyema, inafaa kuanzia mbali kidogo, kwa bendi ambayo utaratibu huu ungeshindwa nayo kabisa.

Mnamo mwaka wa 1980, vijana wanne katika mji wa Athens, jimbo la Georgia nchini Marekani, waliunda bendi iliyoitwa R.E.M. Michael Stipe aliimba, Peter Buck akapiga gitaa, Mike Mills akashika besi na Bill Berry ngoma. Albamu yao ya kwanza, Murmur, ilitoka mwaka wa 1983, ikafuatwa na Reckoning mwaka wa 1984 na Fables of the Reconstruction mwaka wa 1985. Aghalabu Buck hakuzikwaruza nyuzi kwa pamoja kama walivyozoea wapigaji wengi wa roki; alizidonoa moja baada ya nyingine, gitaa likalia kwa mng'ao kama kengele ndogo ndogo. Stipe naye aliimba kana kwamba anayamumunya maneno. Hata jina la albamu hiyo ya kwanza lina maana ya mnong'ono usiosikika vizuri. Majalada hayakumsaidia msikilizaji pia, kwani bendi haikuchapisha maneno yote ya nyimbo za albamu hadi ilipotoa Up mwaka wa 1998. Watu waliozaliwa na kulelewa katika Kiingereza walibishana kuhusu kilichoimbwa. Licha ya hayo, jarida la Rolling Stone liliiteua Murmur kuwa albamu bora ya mwaka wa 1983.

Je, mtafiti wetu angefanya nini na albamu kama hiyo? Angenukuu mishororo yenye mapengo, ajaze mapengo kwa kukisia, halafu ahitimishe kwamba nyimbo hizo hazina maudhui. Hitimisho hilo lingekuwa la kweli kuhusu karatasi yake na la uongo kuhusu albamu. Katika Murmur sauti ya mwimbaji ni ala mojawapo kati ya ala nyingine. Inazama pale gitaa linapopanda, inaibuka katika kibwagizo, na msikilizaji huelekezwa na kupanda na kushuka huko kabla hajashika neno hata moja. Maana imo, lakini haikai katika maneno peke yake.

Itadaiwa kwamba huo ni mfano wa Wamarekani, na kwamba mtu wa Nyeri hahusiki nao. Dai hilo halimfahamu mtu wa Nyeri. Kwa miongo mingi wakazi wa Mlima Kenya wamezipenda nyimbo za kantri za Marekani, za kina Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, kwa upendo ambao wageni huushangaa. Miongoni mwa wapenzi hao wapo wazee ambao Kiingereza chao kiliishia katika madarasa ya chini. Mzee wa namna hiyo huufuata wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya maneno huyatamka sivyo, lakini anajua barabara sauti itateremka wapi, gitaa litajibu wapi na huzuni itaingia wapi. Kumwambia mzee huyo kwamba hauelewi wimbo ni kumkosea heshima. Anajua jambo la kweli kuhusu wimbo huo, nalo ni jambo ambalo tasnifu zetu hazijautengea hata ukurasa mmoja.

Tukirudi nyumbani kwenye nyimbo za Gĩkũyũ zenyewe, jina la kwanza kutajwa ni la Joseph Kamaru. Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, akaingia Nairobi mwaka wa 1957, na katika miaka ya 1960 akaanza kurekodi nyimbo, baadhi akiimba pamoja na dada yake Catherine Muthoni. Wasanii wa kizazi chake hawakutoa albamu kama walivyofanya R.E.M. Walitoa santuri ndogo zenye pande mbili, na wimbo mrefu ulikatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Jambo hili dogo lina uzito kwa mhakiki. Msanii alijua kwamba msikilizaji atainuka kuigeuza santuri, kwa hiyo mahali pa kukatia wimbo palikuwa sehemu ya utunzi. Mtafiti anayenukuu kutoka kwenye mkusanyiko wa baadaye, ambamo sehemu mbili zimeunganishwa au moja imeachwa, hatauona mkato huo, wala hatajiuliza kwa nini ubeti fulani ulisubirishwa hadi upande wa pili.

Isitoshe, jamii iliyozizaa nyimbo hizi haikuwa imezoea kupewa maana waziwazi. Gĩcandĩ, utanzu wa kale wa Wagĩkũyũ, ulikuwa shindano la mafumbo baina ya waimbaji wawili, huku kibuyu kilichochongwa alama kikitikiswa. Padri Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata alichapisha kitabu kuhusu vitendawili na gĩcandĩ mwaka wa 1973. Msomaji wa Kiswahili amekutana na mwimbaji wa gĩcandĩ katika Shetani Msalabani, tafsiri ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kwani ndiye anayeisimulia hadithi hiyo. Naye Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili, ameuchunguza utanzu huu sambamba na kibati cha Pemba na kuonyesha kwamba ni ushairi wa majibizano. Majibizano huhitaji sauti mbili na masikio. Ukiyaandika kama shairi la mtu mmoja umekwisha kuyageuza kuwa kitu kingine.

Kuna hoja ya kiisimu pia, nayo aghalabu husahauliwa na watafiti waliolelewa katika lugha zote mbili. Gĩkũyũ ni lugha ya toni; Kiswahili sicho. Yapo maneno ya Gĩkũyũ yanayoandikwa kwa herufi zile zile na kutofautishwa na toni tu, na tahajia ya kawaida huonyesha irabu bila kuonyesha toni. Mtunzi anapotia maneno mahadhi hana budi kuchagua kati ya kuifuata toni ya neno na kuikiuka. Akiikiuka, huenda neno likaelea baina ya maana mbili, na fumbo likazaliwa hapo hapo katika mahadhi. Mtafiti anapoyaandika maneno bila toni hupoteza hatua ya kwanza ya fumbo. Anapoyatafsiri kwa Kiswahili hupoteza ya pili, maana hulazimika kuchagua maana moja na kuiacha nyingine. Kisha hulalamika katika sura ya tano kwamba msanii hakutumia mafumbo ya kutosha.

Pingamizi kubwa zaidi linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Wapo watakaosema kwamba R.E.M. walicheza na sauti, ilhali Kamaru alisema na watu, na kwamba maneno yake yalikuwa na uzito wa kisiasa usioweza kulinganishwa na mnong'ono wa vijana wa Georgia. Hilo ni kweli. Wimbo wake Ndari ya Mwarimu, uliowanyoshea kidole walimu waliowanyemelea wasichana wa shule, uliwakasirisha walimu, nao hawangekasirishwa na wimbo wasiouelewa. Baada ya J.M. Kariuki kuuawa mnamo Machi 1975, Kamaru alimwombolezea katika wimbo uliobeba jina la marehemu mwenyewe. Hapo hapakuwa na kumumunya.

Hata hivyo, pingamizi hili likitazamwa vizuri linaiunga mkono hoja ya makala haya. Msanii aliyezoea kupitia kichochoro cha fumbo anapojitokeza barabarani na kutaja jina, kujitokeza kwenyewe ni tendo lenye maana. Hata R.E.M. walifika hapo. Katika Lifes Rich Pageant ya mwaka wa 1986, iliyosimamiwa na mtayarishaji Don Gehman, sauti ya Stipe ilisogezwa mbele na maneno yakaanza kushikika, na katika Document ya mwaka wa 1987 siasa za nchi yake zilisikika bila kificho. Mtu aliyezisikiliza albamu za awali alijua kwamba jambo limetokea. Aliye na karatasi tu hawezi kujua, kwa sababu karatasini maneno yote husikika sawasawa. Neno lililonong'onwa na neno lililopigiwa kelele huandikwa kwa wino ule ule. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha ujasiri wa wimbo wa mwaka wa 1975 hana budi kwanza kuonyesha jinsi nyimbo za kabla yake zilivyosikika.

Wala suala hili si la Wagĩkũyũ peke yao. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka wa 1928, na Shaaban Robert akatuachia wasifu wake. Wasifu husomwa vyuoni kila mwaka. Santuri hazisikilizwi na wengi. Tukifundisha taarab kwa vina na mizani tu, tutakuwa tumemfanyia Siti tunachomfanyia Kamaru.

Kinachopendekezwa hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, tasnifu yoyote kuhusu wimbo iseme ni rekodi ipi iliyotumika: mwaka wake, upande wa santuri, na ala zinazosikika. Hili ni la lazima zaidi tangu miaka ya 1990, ambapo waimbaji wa mugithi kama Mike Rua na Salim Junior walizifufua nyimbo za zamani kwa gitaa moja, na katika kumbi za mugithi maneno yamekuwa yakibadilishwa mara kwa mara. Anayenukuu toleo la ukumbini akidhani ni la asili anachambua wimbo mwingine. Pili, neno lisilosikika liachwe wazi na lijadiliwe, lisijazwe kwa kukisia. Wazee watatu wa Karatina wakilisikia neno moja kwa namna tatu, basi hizo namna tatu ni data, na huenda ndizo data bora kuliko zote. Tatu, wanafunzi wanaotoka Mlima Kenya waanze na santuri zilizomo katika makabati ya babu na nyanya zao, waziorodheshe na kuzinakili kabla hazijatupwa pamoja na redio mbovu.

Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na hujulikana kisanii kama KMRU, amekuwa akizirejesha rekodi za babu yake kwa umma. Yeye mwenyewe hutunga muziki wa sauti za mazingira, aghalabu usio na maneno yoyote. Huenda si ajabu kwamba kazi ya kuyaokoa maneno ya babu imefanywa na mtu ambaye riziki yake ni kusikiliza. Idara zetu zina walimu wa fonolojia, wa toni, wa ushairi na wa utendaji, mara nyingi wakiwa katika ghorofa moja. Waketi pamoja mbele ya santuri moja, upande wa kwanza kisha wa pili, kabla mtu yeyote hajashika kalamu.